Siku Mbili Dar es Salaam Pamoja na Watoto

Tulitoka Morogoro kwa treni ya umeme ya asubuhi, mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wetu watatu, tukafika Dar es Salaam kwa safari isiyotimiza saa mbili. Kati ya yote tuliyoyaona, Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo ndicho ninachokipendekeza kwa moyo wote. Nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa humo kwa ukubwa wake halisi, hivyo mtoto huingia ndani badala ya kutazama picha; kwenye msonge wa Wahaya binti yetu mdogo alipapasa nyasi zilizoshuka hadi chini, akauliza mvua hupita wapi, na bibi yake, mzaliwa wa Bukoba, akaketi kumweleza kwa muda mrefu. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nayo yanafaa, hasa kwa habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Nyumba ya wageni tuliyolala, ambayo feni yake ilizimika usiku kucha katika joto la Februari, siwezi kumshauri mwenye watoto aiendee. Bebeni maji, na mfike Kijijini mapema kabla jua halijawa kali.