Umeshuka SGR Dar usiku: ulale wapi bila kuumia mfuko

Ukishuka treni ya SGR Dar usiku, nje ya geti utapokewa na bodaboda, na kila mmoja ana gesti yake "nzuri, bosi, hapo tu". Mwaka jana nilimfuata mmoja. Chumba 30,000. Asubuhi mlinzi akaniambia huku anacheka kwamba 5,000 kati ya hizo ilikuwa ya aliyenileta. Dirisha lilitazamana na jenereta.

Siku hizi naangalia kwanza saa ya treni, halafu ndiyo bei. Mpangilio wangu ni huu.

Namba moja ni hosteli za taasisi za dini upande wa Posta. Luther House iko Sokoine Drive, jirani na kanisa la Azania Front, barabara ileile ya stesheni. Mchana, ukiwa na begi moja, unatembea. YMCA na YWCA ziko mbele kidogo. Vyumba ni vya kawaida kabisa, lakini pametulia na hakuna purukushani za watu wa kupumzika saa moja na kuondoka. Tatizo ni kujaa, kwa hiyo piga simu siku kadhaa kabla.

Namba mbili, Kisutu, mitaa ya Libya na Jamhuri. Hoteli ndogo za ghorofa, bei juu kidogo ya gesti. Kwa mwenye watoto ningeanza hapa, maana ukishuka ngazi tu unakuta chai na chapati. Omba chumba cha nyuma. Cha mbele utalala na honi.

Kariakoo na Gerezani naziweka za tatu, ingawa bei ni nafuu kuliko kote. Mfanyabiashara aliyefuata mzigo ataziweka za kwanza, na ana haki: anaamka yuko sokoni. Mimi nataka usingizi, na fuso zinashusha mizigo usiku kucha. Usitembee kwenda stesheni alfajiri na begi mkononi, chukua bajaji.

Buguruni ni ya abiria wa TAZARA tu, ile reli ya kwenda Zambia. Stesheni yao iko makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, mbali na SGR. Watu husikia "stesheni ya treni" wakalala upande usio wao.

Popote utakapofika, usilipe kabla hujaingia chumbani. Fungua bomba mpaka uone maji yenyewe, maana "yanatoka asubuhi" ni jibu la kila siku. Washa feni, inyooshe chandarua uhesabu matundu, jaribu komeo la ndani. Uliza muda wa kutoka. Gesti nyingi ni saa nne asubuhi, hata kama uliingia saa nane usiku. Kitambulisho ulichokatia tiketi kiwe karibu, kwa sababu kitabu cha wageni kinataka jina, kabila, utokako na uendako.

Na kama treni yako ni ya alfajiri, muulize wa mapokezi ufunguo wa geti unalala na nani. Mimi niliwahi kumtafuta jengo zima, nikamkuta kwenye kochi nyuma ya kaunta, funguo chini ya mto, na treni imebakiza dakika arobaini.