Kipokezi cha setilaiti katika uchimbaji wa mitaro Malindi: uzoefu wangu

Ninasimamia uchimbaji wa mitaro ya mabomba ya maji mjini Malindi na viungani mwake, na msimu uliopita tulikodi seti ya vipokezi viwili vya setilaiti, kimoja cha kusimama mahali pamoja na kingine cha kutembea nacho juu ya fito, ili tuache kukata nyaya za umeme, faiba na mabomba ya zamani yaliyofukiwa kando ya barabara. Jambo ambalo wakodishaji hulipitia haraka ni kwamba chombo hiki hakioni chochote kilichomo ardhini. Kinajua mahali kilipo chenyewe, basi. Mstari wa bomba unaoonekana kwenye kioo chake umetokana na mtu aliyewahi kuupima, na ukikosea, chombo kitakuonyesha kosa hilo kwa usahihi wa hali ya juu.

Usahihi wenyewe sina la kuulalamikia. Simu ya mkononi, hata ikiwa uwanjani, hukosea kwa mita kadhaa, na kwa mtaro wenye upana wa sentimita 60 hiyo ni sawa na kubahatisha. Vipokezi hivi husikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kwa pamoja, na kile kilichosimama hukitumia mwenzake masahihisho kwa redio, hivyo kosa la ulalo hubaki sentimita 1 au 2, na la kimo huzidi kidogo. Tulipochimba mashimo ya majaribio kwa sururu juu ya viungo tulivyokuwa tumevipima kabla ya kufukiwa, bomba lilikutwa pale pale lilipotarajiwa.

Kazi ngumu iko kwenye kile kipokezi kilichosimama. Kisipowekwa juu ya bikoni, yaani alama ya upimaji iliyowekwa ardhini, ambayo viwianishi vyake (namba zinazotaja mahali ilipo) vinajulikana, bali kikaachwa kijikadirie mahali kilipo, vipimo vyote vya siku hiyo vitapatana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini ukirudi mwezi ujao na kukisimamisha upya, ramani nzima itakuwa imesogea mita moja au mbili, nawe hutapata onyo lolote. Kwa sababu hiyo nilisisitiza mpima ardhi aliyesajiliwa awepo tulipoanza, na gharama yake ilistahili. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mchoro wa zamani wa mabomba tuliokabidhiwa ulikuwa katika Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki, ambao hutofautiana na mfumo wa setilaiti kwa takriban mita 300 katika eneo letu. Programu ya kipokezi iliupokea mchoro huo bila swali na kuyachora mabomba mahali ambapo hayajawahi kuwapo.

Kimo nacho kinahitaji uangalifu. Setilaiti hukipima kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na kando ya barabara ya Casuarina kilisomeka zaidi ya mita 20 chini ya sifuri hali sisi tumesimama pakavu. Wafanyakazi walicheka sana. Ninashauri kimo cha mgongo wa bomba kirekodiwe badala ya kina chake, kwa kuwa barabara huinuliwa na mchanga huhama, na kina kilichoandikwa leo hakitakuwa na maana baadaye.

Kwa njia zisizowahi kupimwa tulilazimika kukodi pia kitambuzi cha sumakuumeme. Kinazinasa nyaya na mabomba ya chuma vizuri, lakini bomba la plastiki lisilo na waya wa kufuatilia, yaani waya wa chuma uliofukiwa pamoja nalo ili linaswe, hakilioni kabisa. Rada ya ardhini, ambayo wengi huipendekeza, hufifia haraka penye maji ya chumvi, na karibu na ufuo wetu maji hayo hayako mbali.

Kulikuwa pia na king'ora cha kufunga kwenye tingatinga, kilie mashine inapokaribia njia iliyochorwa. Sikukipenda. Antena hukaa juu ya kibanda cha dereva ilhali ndoo inachimba mita kadhaa mbele yake, na bila vihisi kwenye mkono wa mashine king'ora hakijui ndoo iko wapi. Tulirudi kwenye njia rahisi: kipokezi kinaonyesha, fundi anapiga mstari wa chokaa, na sentimita 60 kila upande wa mstari huo ni za kuchimba kwa mikono. Kipimo hicho tulikiazima Marekani, ambako majimbo mengi hutaka uangalifu wa namna hiyo ndani ya inchi 18 hadi 24.

Chini ya miembe mikubwa, na penye vichochoro vya kuta ndefu, kipokezi hubaki katika hali ya floti, yaani hesabu yake haijatulia na hakifikii usahihi wa sentimita, na kipimo cha namna hiyo tulikikataa. Katika mitaa ya mji wa kale wa Lamu, ambako punda wawili hupishana kwa shida, nisingekitegemea kabisa. Usiku pia kuna tatizo ambalo wenzetu wa nchi za mbali na ikweta hawalijui sana: baada ya jua kuchwa ionosfia, tabaka la juu angani ambalo mawimbi ya setilaiti hulipitia, huchafuka na mawimbi huyumba, kwa hiyo kazi ya kuvuka barabara, ambayo tunaifanya usiku kukwepa magari, tuliipigia chokaa mchana. Ni jambo la kushangaza kidogo, ukizingatia kwamba Malindi kuna kituo cha kudumu cha mtandao wa kimataifa wa kufuatilia setilaiti hizi, na kwamba kutoka Ngomeni hapo jirani ndiko ilikorushwa Uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei kutoka anga za mbali, tarehe 12 Desemba 1970.

Kwa mtaro wa uani au wa nyumba moja, usikodi. Sururu na jirani wa siku nyingi vinatosha. Kwa njia inayofuata barabara kuu, kodi, lakini andika ndani ya mkataba kwamba kila kiungo kitapimwa mtaro ukiwa wazi, kipokezi kikiwa katika hali ya fiksi, yaani hesabu yake imetulia, na kwamba faili la viwianishi, likitaja mfumo uliotumika, litakabidhiwa ofisi ya maji kabla ya malipo ya mwisho.