Biti za ruta ya CNC: ipi ununue kwanza kama ndo unaanza, ukiwa Arusha

Nianze na kosa langu. Mashine yangu ya kwanza ya CNC, yaani ya kuchonga mbao ikiongozwa na kompyuta, ilikuwa ile ndogo ya 3018, ya eneo la sentimita 30 kwa 18, na mimi kama wengine nikakimbilia boksi la biti 30 zinazong'aa rangi ya dhahabu, bei chee, nikajua hapo nimemaliza. Mpaka leo zaidi ya 20 hazijagusa mbao. Ukiwa na hela ya boksi nunua aina 3 za maana, za kabaidi tupu (ile ngumu kuliko chuma cha kawaida), basi.

Namba moja haina ubishi: biti bapa ya meno mawili, apukati (inayovuta maranda kwenda juu), ukataji milimita 3.175, mkia, yaani sehemu inayobanwa kwenye mashine, nao 3.175 maana ndo koleti, kile kibanio cha biti, inayokuja na 3018 nyingi. Hii inakata, inachimba, inatoboa, na inatoa maranda juu kwa hiyo mfereji haujazi. Chukua fupi, ile ya kukata milimita 12 au 17, achana na ndefu ya 32, inapinda ikibanwa na ukingo unatoka kama umekatwa na panya. Ubaya wake inaacha manyoya juu ya plaiwudi, unapiga msasa. Na ununue 2 au 3 zilezile kwa mpigo, maana ya kwanza utaivunja, tena jumamosi jioni mteja anasubiri.

Namba mbili, biti ya V, digrii 60. Huku kwetu kazi inayolipa haraka ni vibao, majina ya mlangoni, vya lodge, vya homestay, na herufi zote hizo ni V. Ya 90 ni nzuri kwa herufi kubwa ila anza na 60. Usiichanganye na vile visindano vya ncha ya 0.1 vinavyokujaga na mashine, vile ni vya kuchora juujuu, ukivizamisha kwenye mninga vinakatika ncha kabla hujamaliza herufi ya kwanza.

Tatu ni daunikati, ndugu wa ile ya kwanza ila yenyewe inasukuma chini, kwa hiyo uso wa plaiwudi unabaki safi kabisa. Mimi kwa plaiwudi naipenda kuliko namba moja, ila kwa anayeanza inasumbua, maranda yanabaki mferejini, joto linapanda, usipopuliza au kuvuta na vakyumu unasikia harufu ya kuungua.

Ya jino moja nunua siku ukipata kazi ya akriliki au aluminiamu, siyo kabla. Yenye kichwa cha mviringo ni ya kuchonga sura na milima, nzuri ila kazi moja inakula masaa. Ile kompresheni wanayoisifia, ambayo chini ni apukati na juu ni daunikati, iache, sehemu yake ya chini lazima uizamishe yote kwenye mkato wa kwanza na kimashine kidogo hakina hizo nguvu.

Sasa mkia, hapa ndo hela inapotea. Nilipohamia mashine yenye mota ya ruta ya mkono, muuzaji mmoja akaniambia "kaka 6 na 6.35 ni kitu kimoja, we kaza tu." Nikakaza ya mkia wa milimita 6 kwenye koleti ya 6.35. Dakika kama tatu hivi mlio ukabadilika, naangalia, biti inateremka yenyewe kutoka kwenye koleti, maana apukati inajivuta kuingia kwenye mbao, ikapita mninga yote ikaenda kuchimba meza. Kwa hiyo nenda dukani na kalipa yako, kile kipimo cha unene, pima mkia pale pale kaunta, wakununie tu. Na kwenye hardware nyingi za hapa mjini utakutana na biti za mafundi seremala za mkia 12.7, haziingii kwenye koleti yako, hizo hata usiulize bei.

Mbao nayo ina neno. Saiprasi na paini za mashamba ya Meru na West Kilimanjaro ni laini, jifunzie hapo. Mtiki una silika ndani, ni kama mchanga, unakula makali haraka hata ya kabaidi, biti ya haispidi, ile ya chuma tupu isiyo kabaidi, ndo usithubutu. Mpingo uache kwanza, ule ni mgumu hata kwa mafundi wa vinyago.

Kabla hujailaumu biti kwamba ni feki, angalia kinachodondoka. Mimi ile mninga ya kwanza niliipeleka polepole nikidhani naihurumia, ukingo ukawa mweusi, chini unga laini kama kahawa iliyosagwa. Kumbe polepole ndo inaunguza, jino linasugua badala ya kukata. Unataka maranda, siyo unga. Hesabu ya mwendo: mizunguko kwa dakika mara meno mara unene wa kila tonge, yaani kipande ambacho jino moja linakata kila mzunguko. Mzunguko 10,000, meno 2, tonge 0.05, unapata milimita 1,000 kwa dakika. 3018 ikilia punguza kina, milimita 1 kila mkato inatosha kuanzia, mwendo usiguse kwanza.

Zikifika zichomeke kwenye kipande cha sponji, kila moja peke yake. Kabaidi inameguka kama glasi, ukizitupa pamoja kwenye kopo zinagongana na ikitoka hata chembe kwenye jino utaiona kwenye kila kibao, mstari mmoja hivi hautoki hata kwa msasa.