Programu ya kusahihisha Kiingereza: kwenye did iko vizuri, kwenye kisa kirefu inakuacha

Nina miezi mitatu na hii programu kwenye simu, kila ninachoandika kwa Kiingereza napitisha humo kwanza, barua ya kuomba kazi, ripoti, mpaka meseji kwa bosi, maana kinachonisumbua mimi ni nyakati za vitenzi basi.

Makosa ya wazi inayakamata vizuri sana. Ukiandika "I did not went" hapo hapo inapiga mstari mwekundu inakwambia weka "go", did imeshabeba wakati uliopita. Na lile kosa letu wote, "I have seen him yesterday". Kwa Kiswahili "nimemwona jana" watu wanasema kila siku na hakuna anayeshtuka, ila kwenye Kiingereza ukishataja jana hiyo have inabidi itoke, unaandika "I saw him". Yaani miaka yote nimeandika hivyo na hakuna aliyewahi kuniambia! Hata "I am living here since 2019" ilinirekebishia ikawa "I have been living", na chini imeweka maelezo mafupi ya kueleweka.

Shida inasoma sentensi moja moja. Juzi nimeandika kisa cha aya tatu, nimeanza "I woke up" halafu huko mbele nikaweka "I take my bag and go to the station", ikanyamaza kimya. Ukiitazama ile sentensi peke yake kweli haina kosa, kosa linaonekana ukisoma kuanzia juu. Na najua linatoka wapi, Kiswahili ukishasema niliamka basi, nikaoga nikabeba begi nikaondoka, li umeitaja mara moja tu halafu ka inabeba safari yote iliyobaki, sasa Kiingereza hakina ka, kila kitenzi unakivalisha wakati uliopita chenyewe, woke, took, went, mpaka nukta ya mwisho. Hapo ndo nilihitaji msaada kuliko pote na haupo.

Kingine kilichonikera, niliandika "He said the earth goes round the sun" ikataka niweke "went". Jamani, dunia bado inazunguka, "goes" ni sahihi kabisa, mwanafunzi asiyejua ataikubali tu.

Sijaifuta. Ila kitu kirefu naanza kukisoma mwenyewe nikizungushia vitenzi peke yake, kimoja kimoja, ndo nakipitisha humo. Nyota tatu kati ya tano.