Keki Ndogo za Oti na Embe, Kirumba

Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikinunua keki ndogo za oti kwa mwokaji mmoja wa Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, nami naziona kuwa kifungua kinywa cha kutegemewa kwa mtu atokaye nyumbani alfajiri. Oti hulowekwa kwenye mtindi usiku kucha, hivyo keki huwa laini, na ukiimega unaona vipande vya embe bivu. Utamu wote ni wa tunda hilo na ndizi iliyopondwa, bila sukari. Kwenye friji hukaa siku 3. Za Jumatatu iliyopita, hata hivyo, zilifungwa zingali za moto, zikatoa jasho mfukoni na kulowa juu. Nilimweleza mwokaji, naye kesho yake akaziacha zipoe kwanza.