Rushwa ya ngono chuoni: uanzie kwa mshauri wa wanafunzi au TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania)?
Mhadhiri wa chuo cha umma anataka rushwa ya ngono ndipo akupe maksi. Mshauri wa wanafunzi yuko karibu, na chuo kinaweza kumpa mwalimu mwingine karatasi yako aisahihishe. Ila siri huvuja: kwenye korido ya ofisi yake kila mtu anaona nani kaingia mlango upi, na hilo linaniuma sana. TAKUKURU unapiga 113 bure, ukiwa chumbani kwako Sinza, na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inakukinga ukisema kwa nia njema. Uchunguzi lakini huchukua muda. Meseji za mhadhiri usifute hata moja. Matokeo yakikaribia kutoka, mshauri atakusaidia haraka zaidi. Mhadhiri akiwa swahiba wa wakubwa wa idara, mimi ningepiga 113.