Ziara ya msitu wa mvua: wa mbele waliona msitu, wa nyuma tuliona migongo

Nimetembezwa katika msitu wa mvua na kundi la watu 18, mwongozaji mmoja mbele na msaidizi wake nyuma, na nimetoka na hasira. Kampuni siitaji. Njia ilikuwa nzuri, msitu hauna kosa. Kosa ni mwendo, na nataka nieleze kwa nini, maana wengi hudhani anayelalamikia mwendo ni mvivu.

Msituni mnatembea kwa mstari mmoja. Mtu na mwenzake wakiachana mita 2, watu 18 wanafanya mstari wa mita 35 hivi. Sauti haifiki huko kote: majani na udongo laini huimeza, na njia ikipinda mara moja tu, humwoni hata mtu wa tano mbele yako. Mwongozaji akisimama kwenye mti na kuanza kueleza papo hapo, wa mwisho anafika maelezo yameisha na wa mbele wameshainua miguu. Ilikuwa hivyo kila kituo. Kila kituo!

Halafu kuna magogo. Gogo lililoanguka njiani, limelowa na limeota ukungu wa kijani, halirukwi. Unakalia juu yake, unageuza miguu, unashuka upande wa pili. Hesabu sekunde 10 kwa kila mtu: watu 18 ni dakika 3. Mwongozaji asiposubiri ng'ambo, wa mwisho anaachwa dakika 3 nzima, na itabidi azifidie kwa kukimbia juu ya mizizi na matope. Anawakuta wenzake wameshapumzika, na papo hapo safari inaendelea. Kwa hiyo wa mbele wanapumzika kila mara na wa nyuma hapumziki kabisa, na wa nyuma kwa kawaida ndiye mwenye magoti mabovu. Hewa ya mle imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, mwili haupoi. Anayekimbizwa katika hali hiyo anaanza kuteleza, na kuteleza ndiko kunakovunja vifundo vya miguu.

Mama mmoja mtu mzima aliomba tusubiriane. Mwongozaji akamjibu mbele ya watu wote: "Mama, kama ulitaka bustani ungebaki hotelini." Mtu anayemjibu hivyo mwanamke wa rika la mama yake hafai kukabidhiwa mbuzi, sembuse watu.

Na dawa yake haigharimu hata senti. Mwenye mwendo wa polepole anawekwa wa pili, mgongoni kwa mwongozaji, na mwendo wake ndio unakuwa mwendo wa kundi. Msaidizi anafunga msafara na hamwachi mtu yeyote nyuma yake. Wawili hao wanawasiliana kwa redio za mkononi, na mwongozaji haondoki kwenye gogo wala kijito mpaka asikie kwamba wa mwisho amevuka. Penye njia panda, huondoki mpaka umwone aliye nyuma yako. Kwenye mti wa kuonyeshwa, mwongozaji anaupita, anavuta mstari mpaka mti uwe katikati ya watu, kisha anarudi pale na kuanza kusema. Na kundi liwe dogo. Uganda na Rwanda, familia moja ya gorila wa milimani hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku. Sababu pale ni kuwalinda wanyama, lakini watu 8 ndio pia wanaoweza kumsikia mtu mmoja akizungumza bila kupiga kelele.

Mwanga unaofika chini ya msitu mnene ni kama asilimia 2 tu ya ule ulio juu ya miti. Jua halionekani likuonyeshe upande, giza linaingia humo kabla halijaingia nje, na ukitoka njiani hatua chache huenda usiione tena. Aliyeachwa anatakiwa akae pale pale, apulize filimbi mara tatu, atulie, arudie. Sisi hatukupewa filimbi wala hatukuambiwa hayo.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Kisha nikamkumbuka yule kijana msaidizi. Siafu walikuwa wanakatiza njia. Wa mbele walipita wakiwakanyaga, na siafu wakikanyagwa hawabaki kwenye safu, wanatapakaa. Sisi tulipofika walikuwa wametanda. Kijana alitusimamisha mapema, akatuambia tuchomeke suruali ndani ya soksi, akatafuta pembeni mahali safu ilipokuwa bado nyembamba, tukavuka kwa hatua moja ndefu bila kusita. Hakuna hata mmoja wetu aliyeumwa.

Mbele kidogo akatuonyesha mtini ule unaonyonga miti mingine. Mbegu yake huachwa na ndege au tumbili juu kwenye tawi, mizizi inashuka mpaka ardhini, inauzunguka mti mwenyeji na kuubana hadi unakufa. Mwenyeji alikuwa ameshaoza, ndani pamebaki uwazi kama bomba la moshi. "Mama, shika hapa," alimwambia yule mama kwa upole, akamwekea kidole pale mizizi miwili ilipokutana na magome yake kuungana yakawa gome moja. Tulichungulia kwa zamu, tukaona mwanga mdogo juu kabisa. Kwa dakika hizo ningetoa nyota nne bila kubishana na mtu.

Mwongozaji akarudi akamfokea kijana kwamba anatuchelewesha. Basi, moja.

Kabla hujalipia ziara kama hii, uliza kundi lina watu wangapi, nani anafunga msafara, na mwendo unapangwa na nani. Wakibabaika kwenye hilo la tatu, ondoka na hela yako. Ila ukisikia yule kijana amepewa kundi lake mwenyewe, lipia, hata kama ni kampuni hiyo hiyo.